Paladini wangu kapunguzwa makali, na bado sirudi kwenye kitabu cha zamani

Mimi ni mtu wa paladini, yule shujaa mwenye upanga na uchawi mtakatifu kwenye mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, nianze kwa kukiri hilo. Tangu nijue kurusha dadu la pande ishirini nimecheza paladini wanne, na wote walikuwa na kazi moja: kumtafuta mkubwa wa pango, yaani adui mkuu, kumfikia, na kummaliza kabla wenzangu hawajapata zamu ya pili. Kwa hiyo kitabu kipya cha wachezaji wa Dungeons & Dragons kilipotoka Septemba 2024, miaka kumi baada ya kile cha 2014, sikuhangaika na utangulizi. Nilikwenda moja kwa moja kwa paladini. Nikasoma, nikafunga kitabu, nikakifungua tena kuhakikisha macho hayajanidanganya.

Tangu hapo kundi letu, wachezaji watano na mwendesha mchezo, limetoka ngazi ya 1 hadi ya 12 kwa kanuni mpya. Nitaandika kuhusu fani, yaani aina za wahusika, tulizozicheza mezani. Druidi na manju hatukuwa nao, basi nawaachia waliowacheza.

Kwa asiyekumbuka, pigo takatifu zamani lilikuwa hivi: unashambulia kwa upanga, ukiona limempata adui ndipo unaamua kuchoma nafasi ya uchawi, sehemu ya akiba yako ya uchawi wa siku, na kuongeza madhara. Halikula tendo lolote, yaani hatua unayoruhusiwa kwenye zamu yako. Kuanzia ngazi ya 5 paladini ana mashambulizi mawili, kwa hiyo alichoma mara mbili ndani ya zamu moja. Akitumia nafasi zake mbili za daraja la 2, hizo ni dadu sita za pande nane juu ya madhara ya upanga wenyewe, wastani wa 27. Na dadu likiangukia 20, dadu zote za madhara zinarushwa maradufu. Mimi nilikuwa nasubiri ile 20 kama mvuvi anayesubiri kamba ikaze.

Sasa pigo takatifu ni uchawi kama uchawi mwingine, na linakula tendo la nyongeza, lile dogo la ziada. Tendo la nyongeza ni moja kwa zamu, basi na pigo ni moja kwa zamu. Tena ni uchawi wa kutamka, kwa hiyo ukifungiwa ndani ya ukimya wa kichawi huna lako. Na mchawi adui mwenye uwezo wa kutangua uchawi anaweza kujaribu kulizima pigo lako papo hapo. Hilo lilinipata tukiwa ngazi ya 7: nimepata ile 20 yangu, nimesimama kabisa kwenye kiti, mwendesha mchezo akasema kwa upole kwamba yule mchawi wa kwenye ngazi ameinua mkono. Nikakaa. Waliozoea kumchanganya paladini na babariani, mpiganaji wa hasira, nao wamefungiwa mlango, maana aliye ndani ya ghadhabu hawezi kufanya uchawi.

Nilinuna vikao vitatu. Kilichoniponya ni kuwekea mikono. Zamani kumtibu mwenzako kulikula tendo zima, ukawa unachagua kati ya kupigana na kuokoa, na mimi, Mungu anisamehe, nilichagua kupigana. Sasa ni tendo la nyongeza: nanyanyua aliyeanguka, halafu nashambulia mara mbili, zamu ileile. Ila pigo nalo linataka tendo hilohilo la nyongeza. Kila zamu nikawa na swali ambalo miaka yote sikuwa nalo. Mkubwa wa pango naye akaanza kudumu zamu nne au tano, na ikawa wazi kwamba wenzangu kumbe walikuwa na mbinu zao nzuri tu, ila sikuwahi kuwapa muda wa kuzionyesha. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi niliivutia ngoma hiyo kwangu kwa muda mrefu mno.

Sasa njoo kwa mtawa, maana hapo ndipo kitabu hiki kilipofanya kazi ya maana kuliko penginepo pote.

Mtawa wa 2014 alikuwa fani ya kuhurumiwa. Ngumi zake zilianza na dadu la pande nne. Kila alichotaka kufanya, iwe kukimbia, kukwepa au kupiga mfululizo, kilidai pointi, na pointi za ngazi za chini zilikuwa mbili tatu. Zikiisha, kabaki mtu mwenye uhai wa wastani, hana ngao, amesimama karibu na jitu. Mwenzetu mmoja alimpenda mtawa hivyohivyo, tukawa tunamtania kwamba zamu mbili za mwanzo ni mtawa, zilizobaki ni mpita njia.

Katika kitabu kipya ngumi zinaanza na dadu la pande sita, zinapanda hadi la pande nane ngazi ya 5, la kumi ngazi ya 11, na la kumi na mbili ngazi ya 17. Kukimbia kwa tendo la nyongeza ni bure. Kujitoa kwenye mapambano bila kupigwa mgongoni ni bure. Unalipa pointi ukitaka toleo zito zaidi, kwa mfano kujitoa na kukwepa kwa pamoja. Kuanzia ngazi ya 2, mara moja kwa siku, unaweza kurudishiwa pointi zote mapigano yanapoanza. Ngazi ya 3 anazuia kwa mkono hata upanga, si mshale tu kama zamani: anapunguza madhara kwa dadu la pande kumi, wepesi wake, na ngazi yake. Kwa mtawa wetu wakati ule ilikuwa wastani wa 11 na ushee kila raundi. Zombi mmoja alimpiga rungu la nguvu zote, hesabu ikatoka sifuri. Tulicheka mpaka kikao kikasimama.

Amepunguziwa kitu kimoja tu, lile pigo la kumduwaza adui, ambalo sasa ni mara moja kwa zamu. Zamani aliweza kulijaribu kila ngumi iliyofika, mara nne zamu moja, mpaka adui ashindwe kujinusuru, halafu sote tukamchakaza asiyeweza kujitetea. Mwendesha mchezo wetu alilichukia hilo kuliko uchawi wowote. Sasa adui akinusurika bado anapunguziwa mwendo nusu, na shambulio linalofuata dhidi yake linarushwa kwa dadu mbili na kuchukuliwa lililo juu, kwa hiyo pointi haipotei bure. Mtawa ndiye niliyemwonea wivu kampeni nzima, yaani hadithi yote ndefu tuliyoicheza.

Umahiri wa silaha ndio mabadiliko yaliyozungumzwa zaidi, na mimi nina maoni mawili yanayogombana. Wapiganaji, babariani, paladini, wawindaji na wanyemelezi sasa wanajifunza namna maalumu ya kutumia silaha walizochagua. Upanga mkubwa unaumiza kidogo hata ukikosa. Shoka kubwa linapitiliza hadi kwa jirani. Upinde mrefu unapunguza mwendo. Nyundo kubwa inaangusha chini. Kwa mara ya kwanza kuchagua silaha si suala la kutafuta dadu kubwa tu, na mpiganaji wetu, mtu aliyekuwa akisema “napiga, napiga tena, nimemaliza”, sasa anabeba silaha tatu na ana sababu ya kila moja.

Shida ni kule kuangusha. Kila shambulio lililofika linamdai adui arushe dadu la kujinusuru. Mpiganaji wa ngazi ya 5 ana mashambulizi mawili, akitumia uwezo wake wa kurudia tendo yanakuwa manne, sasa hesabu mwendesha mchezo atarusha dadu mara ngapi kabla zamu haijaisha. Vita vya dakika ishirini vikawa vya arobaini. Halafu kuna jambo ambalo sikulitegemea: adui aliyelala chini ni rahisi kupigwa na aliye karibu, lakini mpiga mshale wa mbali anarusha kwa dadu mbili na kuchukua lililo chini. Mpiganaji anaangusha, mtawa anashangilia, mwindaji na upinde wake anatukana kimoyomoyo. Siku nyingine si kimoyomoyo. Tulikubaliana mpiganaji asiangushe mtu ambaye zamu inayofuata ni ya mwindaji, na pia kwamba atangaze mwanzoni mwa zamu kama atadai kujinusuru. Imesaidia kwa sehemu.

Kuna kipande kimoja kwa mpiganaji ambacho nakipenda kuliko hata hayo ya silaha. Akishindwa kwenye jaribio lisilo la vita, kuruka, kubembeleza mlinzi, kukumbuka historia, anaweza kutumia ile pumzi yake ya kujiponya na kuongeza dadu la pande kumi. Ikishindikana tena, pumzi haihesabiki kuwa imetumika. Zamani mazungumzo yakianza yeye alichukua simu. Siku hizi ndiye anayetangulia mlangoni.

Babariani naye anaweza kutumia nguvu za misuli kunyemelea akiwa ndani ya ghadhabu. Usiniulize inaonekanaje. Mnyemelezi anaweza kupunguza dadu za shambulio lake la kuvizia ili amwangushe adui, amtie sumu au ateleze aondoke. Inapendeza, ila mwenye fani hiyo anauza madhara ambayo tayari alikuwa nayo kidogo.

Wachawi je? Hapa atakayekuja akitarajia haki itendeke ataondoka mikono mitupu. Waliotunga walichagua kuwainua wenye silaha badala ya kuwashusha wenye vitabu. Mchawi msomi wetu ngazi ya 5 alirusha mpira wa moto wa dadu nane za pande sita kama alivyorusha zamani, na ngazi ya 9 akapata ukuta wa nguvu usiopenyeka, uliogawanya kundi la maadui nusu kwa nusu bila mtu kurusha dadu hata moja. Hakuna rungu linalofanya hivyo. Wachawi wengine ndio kwanza wameongezewa: mwenye uchawi wa damu anaweza kuwasha kipaji chake kwa dakika nzima, uchawi wake ukawa mgumu kuepukika kwa pointi moja na mashambulizi yake ya kichawi yakarushwa kwa dadu mbili na kuchukuliwa lililo juu. Uponyaji nao umepanda, ule wa kugusa umetoka dadu moja la pande nane hadi mbili, na huo nauunga mkono kwa mikono miwili. Kwa ngazi za chini, hadi kama ya 8, sikuhisi pengo kati yetu na mchawi. Kuanzia 9 limerudi, jembamba kuliko zamani, lakini limerudi.

Nimemwacha mwindaji mwisho kwa sababu ndiye anayeniuma, ingawa simchezi mimi. Mwanzoni anapendeza. Ana uchawi tangu ngazi ya 1, ana ubingwa wa ujuzi, ngazi ya 6 anaongezewa mwendo na anapanda na kuogelea bila tabu. Tatizo ni kwamba fani nzima imefungwa kwenye uchawi mmoja, alama ya mwindaji, unaoongeza dadu la pande sita kwa kila shambulio dhidi ya adui uliyemtia alama. Anapewa bure mara mbili kwa siku akianza, na idadi inapanda. Sawa. Lakini alama inataka umakini, na umakini unashika uchawi mmoja tu kwa wakati, haugawanyiki. Akitaka kutandaza miiba ardhini, au kumwita mnyama wa kichawi amsaidie, alama inafutika. Yaani zawadi kuu ya fani inagombana na uchawi mzuri wote wa fani hiyohiyo.

Halafu tazama anachongojea. Ngazi ya 13: akiumizwa, umakini wa alama hauvunjiki. Ngazi ya 17: anarusha kwa dadu mbili na kuchukua lililo juu dhidi ya aliyetiwa alama. Ngazi ya 20, kilele cha safari ya miaka: dadu la alama linatoka pande sita na kuwa la pande kumi. Wastani ni pointi mbili zaidi kwa kila shambulio. Mbili! Mwenzetu alipoisoma hiyo aliuliza kama kuna ukurasa umeng'oka kwenye nakala yake.

Pesa yangu siidai, na wanaoanza mchezo huu leo nawashauri waanze na hiki, hasa kama kuna mtu mezani anayetamani mtawa au mpiganaji. Wenye kampeni inayoendelea wasibadili katikati. Sisi tulijaribu na mhusika mmoja wa zamani, na nusu ya kikao ikaliwa na kubishana kama anaweza kupiga mara mbili.

Kwa mwindaji tumetunga kanuni yetu ya nyumbani: akifika ngazi ya 13, alama haitadai umakini hata kidogo. Mwendesha mchezo alikubali kwa shingo upande, akaiandika nyuma ya karatasi ya mhusika na kuweka sahihi. Tuko ngazi ya 12. Mwindaji anauliza kila mwisho wa kikao tumebakiza nini.