Vikatio kumi vya biskuti, baada ya mwaka mzima mikononi mwa mwanangu

Nilivinunua kwa ajili ya biskuti tu. Vilikuja ndani ya kopo la bati, vikatio kumi vya chuma cha pua: maduara matatu yanayoingia moja ndani ya jingine, nyota kubwa na nyota ndogo, moyo, ua, samaki, ndege na mwezi mwandamo. Binti yangu alikuwa na miaka miwili na nusu, yuko katika ule umri wa kuburuta kiti hadi kwenye meza ya jikoni akidai, "Na mimi." Sasa ana miaka mitatu na nusu, na ni nadra wiki ipite vikatio hivi vimelala kabatini.

Kinachonifanya nivipende ni ukingo wao. Upande wa chini ni mwembamba, ndio unaokata. Upande wa juu chuma kimekunjwa kikawa mnene, laini, hakimuumizi mtu. Mtoto wa umri ule habonyezi kwa vidole, hubonyeza kwa kiganja chote na uzito wa bega, kwa hiyo kikatio kisichokunjwa juu kitamwachia mstari mwekundu mkononi na hatarudi tena. Nilikuwa na seti ya plastiki kabla ya hii. Ilikuwa butu, kila umbo nilimalizia mimi, na mwanangu akabaki kutazama. Kwa hivi vya chuma anakata mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Tuna maneno yetu. Ananyanyua kikatio, anakipapasa pande zote mbili, ananiuliza, "Mnene juu, mama?" Namjibu, "Mnene juu, mwanangu." Ndipo anabonyeza.

Kwa biskuti, donge ndilo litakaloamua kama umbo litabaki. Mimi natumia gramu 300 za unga wa ngano, 200 za siagi na 100 za sukari, bila yai na bila hamira ya unga. Hamira huumua donge, samaki akatoka tanurini kama yai. Nikishakanda nalilaza friji nusu saa siagi igande, kisha nalisukuma hadi unene wa nusu sentimita hivi. Mwanangu anachovya kikatio kwenye unga mkavu, anabonyeza moja kwa moja chini, anainua bila kuzungusha. Kuzungusha ndiko kunakovuta kingo na kuharibu mapembe ya nyota. Nyuzi 180, dakika 10 hadi 12, na trei moja iwe na maumbo ya ukubwa mmoja, kwa sababu nyota ndogo huungua wakati moyo bado mbichi katikati. Hili lilinigharimu trei mbili kulielewa.

Jambo moja sina mzaha nalo: halambi donge bichi, hata kama halina yai. Unga wa ngano haujapikwa. Unaweza kuwa na bakteria wa E. koli au salmonela, na joto la tanuri ndilo linalowaua. Pembeni namwekea vipande vya tunda, mkono unapotamani kwenda mdomoni uwe na pa kwenda.

Matumizi ya kila siku, lakini, si biskuti. Ni asubuhi. Namimina yai lililopigwa kwenye kikaango kipana, liive jembamba kama karatasi, nalipoza kidogo, naye anakata maua. Mkate hukatwa duara kubwa. Tikiti maji lililokatwa bapa hukubali moyo vizuri sana. Karoti nachemsha kwanza hadi zilainike, kwa sababu karoti mbichi ngumu ni hatari ya kumpalia mtoto mdogo, na zikishaiva nyota ndogo huzipenya bila shida. Mabaki ya kingo tunayala sisi wakubwa, au nayatia kwenye supu. Mwanangu hakuwa mlaji wa karoti. Siwezi kudai kwamba chuma hiki kimemgeuza, ila nimeona kwa macho yangu kwamba anachokikata mwenyewe hukionja, na kabla ya hapo alikuwa akisukuma sahani.

Mchana sahani zikishaondolewa, vikatio vilevile vinageuka vyombo vya sanaa. Tunatengeneza donge la chumvi: vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, na maji pungufu kidogo ya kikombe. Likishakatwa natoboa tundu la uzi kwa ncha ya penseli, kisha tanuri la nyuzi 100 kwa saa tatu hivi, nikigeuza mara moja. Moto ukizidi, donge hutoa malengelenge na kupasuka. Maumbo yakipoa anayapaka rangi ya maji, tunayatundika dirishani. Hapa mnisikilize vizuri wenye watoto wadogo na wenye mbwa: donge hili si la kumezwa. Kikombe kimoja cha chumvi kina karibu gramu 300, na huduma ya afya ya Uingereza inashauri mtoto wa mwaka 1 hadi 3 asizidi gramu 2 kwa siku. Siku za donge la chumvi nakaa mezani naye mwanzo hadi mwisho, na simu iko chumba kingine.

Mwanangu alipokuwa mdogo zaidi nilipendelea unga laini wa kuchezea, kwa sababu hudumu wiki kadhaa kwenye chombo chenye kifuniko: vikombe viwili vya unga, nusu ya chumvi, vijiko viwili vya mafuta, viwili vya maji ya limau, kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, na rangi ya chakula. Nao una chumvi, kwa hiyo tahadhari ni ileile. Play-Doh yenyewe, ule unga wa kuchezea unaouzwa madukani, ilianza kama donge la kusafishia karatasi za ukutani huko Cincinnati, Marekani, hadi mwalimu wa chekechea, Kay Zufall, alipowapa watoto watengenezee mapambo. Ikaanza kuuzwa kama kichezeo mwaka 1956, na hadi leo sehemu yake kubwa ni unga wa ngano, maji na chumvi. Nilipolijua hilo niliacha kuona aibu kwamba wa kwetu unatoka kwenye sufuria.

Sasa kasoro. Nyota ndogo isingefaa kuwemo kwenye seti inayouzwa kwa ajili ya watoto wadogo. Kipimo kinachotumika kwa vichezeo vya walio chini ya miaka mitatu ni silinda yenye upana wa milimita 31.7, na kinachoingia humo chote hakifai. Sina silinda hiyo nyumbani, nikajaribu kwa bomba la katikati la karatasi ya chooni, ambalo ni pana kidogo zaidi, na nyota hii ikapita bila kugusa. Niliificha miezi sita hadi alipotimiza mitatu, na hata sasa naishika mimi. Ndege naye ana mguu mwembamba mno. Donge hukwama humo, mtoto hukasirika, na nikilichokonoa kwa kijiti mguu unakatika. Kopo la bati lilianza kutu kwenye kona ndani ya miezi miwili, ingawa vikatio vyenyewe havina hata doa. Navisafisha papo hapo kabla donge halijakauka, navifuta, kisha navirudisha kwenye tanuri lililozimwa lenye joto la mabaki ili pembe zikauke kabisa.

Samaki alinihuzunisha. Mwezi wa tisa kiungo chake kiliachia, pale ncha mbili za chuma zinapokutana mkiani, akafunguka na kubaki na ncha kali. Niliwaandikia wauzaji na sikujibiwa. Kabla hujanunua, bana kila umbo kwa vidole viwili pale penye kiungo. Ukiona pengo, liache dukani. Na kama zinauzwa moja moja, chukua maduara matatu, moyo na nyota kubwa. Hizo tano ndizo zinazofanya kazi nyumbani kwetu, na maduara yamemfundisha kubwa, wastani na ndogo kwa kuyapanga tu. Ningetoa nyota nne kati ya tano kwa chuma na ukingo, na ile ya tano imekwenda na samaki.

Nilimwambia mwanangu kwamba samaki ameharibika, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akakata duara la wastani, akakata moyo, akaubandika moyo nyuma ya duara, ncha ikiwa ndani, na kutoboa jicho kwa kidole.

"Karudi," akasema, akaomba trei.