Uzoefu wangu: msimu wa besiboli wa 2024 na Seattle Mariners, nikiwa viti vya juu

Mechi 85 tulishinda, 77 tulifungwa. Kansas City na Detroit walimaliza na ushindi 86 kila mmoja, wakaingia kwenye mchujo wa kuwania ubingwa. Sisi tukabaki nje kwa mechi moja. Moja, katika msimu wa mechi 162. Na mwaka mmoja kabla, 2023, ilikuwa vilevile: tulishinda 88, aliyetutangulia akawa na 89.

Nilinunua fungu la tiketi za mechi 12, za kwangu na binti yangu wa miaka tisa, na naandika haya kwa Waswahili wenzangu wa huku Washington ambao huniuliza kila mara kama pesa hiyo ina thamani. Wengi wetu tumekulia kwenye mpira wa miguu, na mtu akikuambia timu imeshinda nusu na kidogo ya mechi zake unaona ni timu ya kawaida tu, ya katikati ya msimamo. Ni kweli ilikuwa ya katikati. Ila katikati ile ilikuwa na mambo ndani yake.

Besiboli nilifundishwa na mzee mmoja wa kazini, ambaye aliwafuata Mariners tangu walipoanzishwa mwaka 1977, wakati bado wanacheza Kingdome, lile jengo la zege lililokuja kubomolewa kwa baruti mwaka 2000. Yeye ndiye aliyeninunulia kadi ya kuandikia mechi na kunionyesha alama zake. Kila mpigaji ana safu ya viboksi, na kila anapokuja kupiga unajaza kimoja. Akifikisha straiki tatu, yaani kukosa mipira mitatu, anatoka na unaandika K. Akisimama tu akauangalia mpira wa tatu ukipita bila kutikisa gongo, unaandika K iliyogeuzwa nyuma. Tangu hapo sijaenda uwanjani bila penseli, na ushauri wangu wa kwanza kwa mgeni wa mchezo huu ni huo: andika. Besiboli ukiitazama kwa macho matupu itakuchosha. Ukiiandika utaona kila mpira una sababu yake.

Kadi zangu za 2024 zimejaa K. Hapo ndipo ulipo msimu wote.

Upande wa warushaji, K zilikuwa za furaha, maana ni wapinzani waliokuwa wanakosa. Logan Gilbert, George Kirby, Luis Castillo, Bryce Miller na Bryan Woo: watano hawa wanaopokezana kuanza mechi walikuwa hodari kuliko kikosi cha waanzishaji cha timu nyingine yoyote ya ligi kuu mwaka ule. Gilbert alirusha zamu 208 na theluthi mbili (mechi moja kwa kawaida ina zamu tisa), na hakuna mrushaji aliyemfikia. Mimi namtazama sana Kirby. Ukikaa nyuma ya kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, hata kama ni juu kabisa, unaona glavu ya mdakaji Cal Raleigh inawekwa mahali fulani, chini kwenye pembe, halafu mpira unaingia palepale kama barua inayotumbukizwa kwenye sanduku. Raleigh hana haja ya kusogeza mkono. Mara ya pili palepale. Mara ya tatu nusu kiganja nje, mpigaji anadanganyika, K. Binti yangu alishaanza kunong'ona “pembeni” kabla Kirby hajainua mguu, na mara nyingi alipatia.

Upande wa wapigaji wetu, K zilikuwa msiba. Mariners waliongoza ligi nzima kwa kukosa straiki tatu, mara 1,625 kwa msimu, na wastani wao wa kupiga ulikuwa .224, yaani kufanikiwa mara 224 katika kila majaribio 1,000, karibu na mkia wa orodha. Uwanja wenyewe hauwasaidii, maana hewa ya bahari ni nzito na ya baridi, na mpira ambao mjini Phoenix ungevuka uzio huku unadondokea kwenye glavu. Lakini uwanja ni uleule kwa timu zote mbili. Raleigh alivusha uzio mara 34, na yeye ni mdakaji, kazi inayovunja magoti. Wengine walimwachia mzigo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulishaonja. Tarehe 18 Juni tulikuwa kileleni mwa kundi letu la magharibi tukiwaacha Houston kwa mechi 10. Pale kazini watu walianza kuulizana tiketi za Oktoba. Wikiendi ya 19 hadi 21 Julai, Houston walipokuja kwetu, zile mechi 10 zikamalizika zote kuyeyuka. Jumapili ile mlinzi wetu wa katikati ya uwanja, Julio Rodríguez, aliufuata mpira mpaka ukutani, akajigonga, akaumia kifundo cha mguu. Uwanja ulinyamaza kiasi cha kusikia honi ya treni ya mizigo inayopita jirani. Tarehe 22 Agosti, timu ikiwa imeshinda 64 na kufungwa 64, kocha mkuu Scott Servais akafukuzwa, baada ya miaka tisa. Akaletwa Dan Wilson, mdakaji wa zamani wa klabu hii, na Edgar Martínez mwenyewe, mpigaji mashuhuri wa zamani wa klabu, akarudi kuwafundisha wapigaji. Chini yao tulishinda 21 na kufungwa 13. Hiyo ni kasi ya timu ya mchujo kabisa. Ilichelewa.

Nikiulizwa ni mechi ipi hasa iliyotukosesha, wenzangu watataja nyingi. Mimi nina yangu, na nilikuwepo. Jumanne tarehe 17 Septemba, Yankees wa New York wako mjini, sisi bado tuna matumaini. Zamu ya kwanza tu, vituo vyote vitatu vimejaa watu wetu. Anayepiga ni Justin Turner, mzee mwenye subira. Mrushaji wao amerusha mipira mitatu mibovu mfululizo. Mmoja mwingine mbovu na Turner anapewa kituo bure, na kwa kuwa vituo vimejaa, Victor Robles aliye kituo cha tatu anatembea hadi nyumbani na kutupatia mkimbio, yaani pointi moja, bila jasho. Kila mtu alikuwa amesimama. Robles akachomoka. Akaamua kuiba kituo cha nyumbani, yaani kukikimbilia bila kungoja Turner apige, mpira ukamtangulia, akaguswa, zamu ikaishia hapo. Turner alibaki ameshika gongo lake akitazama chini. Binti yangu aliniuliza, “Baba, kwa nini hakungoja?” Sikuwa na jibu. Tulifungwa 11 kwa 2.

Sisemi hivyo kumlaumu Robles peke yake. Alikuja kwetu mwezi Juni baada ya klabu ya Washington Nationals, ya Washington D.C., kumwacha, na tangu hapo alipiga vizuri kuliko karibu wote na kuiba vituo kama mchezo. Bila yeye tusingekuwa na cha kupoteza Septemba. Lakini ile kadi ya tarehe 17 ninayo, na kila nikiona tumekosa kwa mechi moja, naona kile kiboksi.

Kuna jambo la uongozi ambalo mtu anayetaka kulipia tiketi lazima alijue. Baada ya msimu wa 2023, mkuu wa masuala ya besiboli wa klabu, Jerry Dipoto, alieleza kwamba timu ikishinda asilimia 54 ya mechi zake kwa miaka kumi, itafika mbali. Mashabiki walikasirika na baadaye akaomba radhi. Hesabu yake kama hesabu ina mantiki, nimeipiga mwenyewe. Lakini mzee wangu wa kazini ana miaka zaidi ya sabini, na Mariners ndiyo timu pekee ya ligi kuu ambayo haijawahi hata kucheza World Series, fainali ya ubingwa. Mwaka 2001 walishinda mechi 116 na bado hawakufika. Ukamwambie mtu kama huyo habari za asilimia 54? Mwaka 2024 hata hiyo 54 hatukuifikia, tuliishia 52 na nusu. Ukiwa na mikono mitano ya kurusha kama ile, lazima uwatafutie wapigaji wa maana mapema, siyo kusubiri Julai moto ukiwa umeshashika paa. Naona walichezea mwaka wa dhahabu wa warushaji wao, na hilo sitalisamehe haraka.

Sasa uwanja wenyewe, ambao kwangu hauna doa kubwa. Tunapanda treni ya mjini Tukwila, tunashuka kituo cha Stadium, tunatembea kidogo tumefika. Mechi nyingi za usiku huanza saa 12:40 jioni, na kwa kuwa siku hizi mrushaji huhesabiwa sekunde, ndani ya saa mbili na nusu hivi umemaliza. Mtoto wa shule anawahi kulala. Paa hufungwa mvua ikija, ila pembeni kuko wazi, kwa hiyo ni kama mwavuli: hulowi lakini baridi unaipata. Bebeni makoti hata Juni. Chakula mnaruhusiwa kuingia nacho, pamoja na maji ya chupa ambayo haijafunguliwa, na hilo ndilo linalofanya familia kama yangu imudu. Sisi hubeba chapati na kuku wa kukaanga, na karanga tunanunua kwa wachuuzi wa nje kwa bei nafuu kuliko ndani. Begi liwe la plastiki linaloonyesha vitu.

Tiketi nunueni moja kwa moja kwenye klabu. Mara moja nilipitia kampuni ya kuuza tena tiketi mtandaoni, na hadi nafika hatua ya mwisho ya kulipa bei ilikuwa imeongezeka karibu theluthi kwa ada ambazo mwanzoni sikuonyeshwa. Sikurudia.

Binti yangu kwa upande wake angeutathmini msimu kwa kitu kingine kabisa: mbio za samaki wanne, watu waliovaa mavazi makubwa ya samoni, wanaokimbia uwanjani katikati ya mechi. Yeye ni wa Humpy. Siku zote tulizokuwepo Humpy hakushinda hata mara moja, na kila safari alimshangilia kama mara ya kwanza.

Na kuna senene. Mimi ni mtu wa Bukoba, kwa hiyo niliposikia kwamba ndani ya uwanja wa besiboli wa Marekani wanauza panzi wa kukaanga, sikuamini mpaka nikashika kikopo mkononi. Ni chapulines, panzi wa Kimeksiko, wakavu, wenye chumvi, pilipili na ndimu. Walianza kuuzwa 2017 na wakagombaniwa hadi ikabidi wawekewe kikomo cha vikopo 312 kwa mechi, kwa heshima ya Edgar Martínez, ambaye wastani wake wa kupiga katika maisha yake yote ya mchezo ulikuwa .312. Ni wadogo kuliko senene wetu na hawana yale mafuta ya Novemba, na ule uchachu wa ndimu mama yangu angeushangaa. Lakini mlio ule wa kutafuna ni uleule. Wamarekani waliokuwa pembeni yetu walikuwa wanapigana picha wakiogopa kuonja, binti yangu ameshamaliza nusu.

Mechi yetu ya mwisho ilikuwa tarehe 29 Septemba dhidi ya Oakland. Tulishatolewa. Tulishinda 6 kwa 4, na ushindi ule haukuwa na kazi. Ila ilikuwa mechi ya mwisho kabisa ya timu ile kwa jina la Oakland, baada ya zaidi ya miaka 50, kwa sababu walikuwa wanahamishwa. Watu wao walikuwa wamesafiri wakajaa nyuma ya benchi lao na jezi za kijani na njano. Mechi ilipoisha hawakuondoka. Walibaki wakiimba jina la mji wao. Mwanamke mmoja wa makamo, ngazi chache chini yetu, alikuwa ameikumbatia kofia yake kifuani. Tulikaa mpaka akaivaa, akapanda ngazi, akatupita.

Nimewapa nyota tatu na robo kati ya tano: tano kwa warushaji, tano kwa uwanja, mbili kwa wapigaji, moja kwa waliosubiri Agosti kubadilisha mambo. Kwa 2025 nimechukua mechi nane badala ya 12, na kadi mpya nimeshanunua. Mkienda, fikeni mapema muwaulize wahudumu panzi wanauzwa upande gani. Ikifika zamu ya nne wanaweza kuwa wameisha.