Piramidi iliyotoroka mezani: uzoefu wangu na programu ya jometri

Simshauri mwalimu yeyote ailipie programu hii, na nasema hivyo nikijua vizuri kwamba ndiyo iliyowafanya wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne waelewe pembe iliyo kati ya mstari na bapa, mada inayonitoa jasho kila mwaka.

Muhula uliopita niliilipia kutoka mfukoni mwangu kwa sababu ahadi yake ya uhalisia ulioongezwa ilikuwa tamu: unaelekeza kamera ya simu mezani, na piramidi au mche mstatili, yaani umbo la boksi, unasimama palepale, ukiuzunguka, ukichungulia ndani, ukiona ulalo unavyopita kutoka kona ya chini hadi kona ya juu iliyo mkabala. Kwa kuwa wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, niliunganisha yangu na projekta. Mbele ya darasa lililojaa hadi mlangoni, piramidi ilisimama kidogo, kisha ikaanza kuteleza. Nilipopiga hatua ili nionyeshe upande wa pili, ikanifuata, ikapanda ukutani, mwishowe ikaning'inia karibu na feni. "Mwalimu, inatoroka!" alipaza sauti mmoja wa nyuma. Kioo kikabaki na agizo lilelile, sogeza simu polepole, nami nikasogeza mpaka mkono ukafa ganzi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea hakuniuliza meza ni ya namna gani wala darasa lina mwanga kiasi gani. "Mwalimu, simu zenu hizo za bei rahisi ndizo zinazotuharibia jina. Nunua kwanza simu ya maana," alisema, kisha akakata. Simu yangu imo kwenye orodha waliyoitoa wao wenyewe!

Ukweli nilielezwa na mwenzangu anayefundisha TEHAMA, tukinywa chai ofisini. Programu za aina hii hulishika umbo mahali pake kwa kutafuta alama zinazoonekana na kamera, yaani madoa, michirizi na kona, na kuzioanisha na mwendo wa simu unaopimwa na vihisi vyake. Meza yangu ni nyeupe tupu na inang'aa, kwa hiyo kamera haikuwa na cha kushika. Akaniambia nitandike kanga.

Nilitandika, na mche mstatili wenye urefu wa 4, upana wa 3 na kimo cha 12 ukatulia kama umepigiliwa misumari. Yuko binti mmoja ambaye kila nilipochora ubaoni alikataa kwamba kimo na ulalo wa kitako hukutana kwa nyuzi 90, kwa sababu kwenye mchoro pembe hiyo huonekana imelala. Safari hii nilimpa simu. Aliizunguka meza, akainama, akaitazama pembe ile kwa ubavuni, akarudi kukaa na kuandika 5 kwa ulalo wa kitako, 13 kwa ulalo mkubwa, na 12/5 kwa tanjenti kabla sijauliza swali. Pembe kati ya ulalo mkubwa na kitako ni nyuzi 67 na kitu. Kwa dakika zile ningeipa programu hii nyota zote.

Lakini kila ninapoikumbuka sauti ya yule kijana, nyota zinapungua. Neno moja tu, kanga, au hata gazeti, lingeniokoa na aibu ile, na watu wanaouza kitu hiki kwa walimu hawawezi kuwa hawalijui. Nazibakiza mbili, zote kwa ajili ya binti yule.

Usajili wangu unafika hadi mtihani wa utamilifu, nami nitautumia mpaka siku ya mwisho kwa sababu fedha ni yangu. Baada ya hapo nahamia GeoGebra, ambayo ni ya bure na huyaweka maumbo mezani vilevile. Wakinipigia kuniomba nilipie tena, natumaini atakayepiga atakuwa kijana yuleyule.