Kati ya waigizaji Waingereza, nani zaidi: Arthur Lowe au John Le Mesurier?

Katika Dad's Army, komedi ya televisheni kuhusu walinzi wa kujitolea wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliyorushwa na BBC kuanzia 1968 hadi 1977, ni rahisi kumpa Lowe ushindi. Kapteni Mainwaring wake, meneja wa benki, hututumua kifua na kufoka, miwani imekwenda upande. Le Mesurier, Sajini Wilson, yeye huinua nyusi tu na kuuliza kwa upole kama kweli hilo ni jambo la busara. Hapo kapteni hunywea kabisa.

Lowe alishazoeleka kupitia Coronation Street, tamthilia ya televisheni ya Uingereza. Mwenzake alipitia vijisehemu vingi vya filamu, aghalabu maofisa na mabwana wastaarabu. Mimi namchukua Le Mesurier. Hata tangazo la kifo chake gazetini, mwaka 1983, aliliandaa mwenyewe, kwa utani.