Video zangu kwenye akaunti ya tapeli: uzoefu wangu wa miezi saba

Nauza khanga Kariakoo, na sasa karibu nusu ya wateja wangu wananipata kupitia video fupi. Programu ninayouzia sitaitaja, maana yaliyonikuta yanaweza kumkuta mtu yeyote, awe TikTok, Instagram au YouTube Shorts. Nataka kueleza zana za usalama za programu hizi zilinisaidia wapi na ziliniacha wapi.

Ilianza kwa simu ya mama mmoja wa Singida. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Mwanangu, zile doti sita za harusi mbona hazijafika? Harusi yenyewe Jumamosi." Sikuwa na oda yoyote ya Singida. Kumbe siku nne nyuma alikuwa ametuma shilingi 90,000, na namba aliyoitumia ilikuwa imeshazimwa. Yangu aliipata kwenye video ya zamani, akadhani ni laini yangu ya pili.

Mjukuu wake akanitumia kiungo cha akaunti. Nilipoifungua niliishiwa nguvu. Picha yangu, video zangu, mikono yangu yenye hina niliyopaka kwenye harusi ya binamu yangu. Jina la duka langu linaishia na herufi a. La kwake lilikuwa na a mbili. Halafu nikaona kitu kingine: maandishi ya khanga yote yalikuwa yamegeuka. Doti iliyoandikwa WEMA HAUOZI ilisomeka kinyumenyume, kama unaitazama kwenye kioo. Tapeli alikuwa amezigeuza video, kushoto kukawa kulia, ili mitambo ya programu isizitambue kuwa ni nakala. Sehemu ya juu yenye jina langu ameikata, ndiyo maana kila video kichwa changu kiliishia kwenye nyusi.

Tangu siku ile, nikiingia kwenye akaunti ya muuzaji nisiyemjua natafuta maandishi kwanza: khanga, kalenda ya ukutani, namba ya bajaji inayopita nyuma. Kamera ya mbele nayo huweza kugeuza maandishi, kwa hiyo video moja si ushahidi. Lakini duka zima likisomeka kinyume, hizo video zina mwenyewe kwingine.

Wafuasi alikuwa nao elfu arobaini, mimi elfu sita. Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Mimi nilishuka mpaka chini kabisa ya ukurasa wake: video za kwanza zilikuwa za mabao ya mpira, kisha miezi mitatu kimya, kisha khanga 31 zimepandishwa ndani ya siku mbili. Naamini akaunti ilinunuliwa pamoja na wafuasi wake, halafu ikabadilishwa jina. Maoni yalikuwa yamefungwa yote. Muuzaji wa kweli hafungi maoni yote, kwa sababu mle ndimo wateja wanamouliza bei na saizi, na ndimo wanamolalamika pia. Kwenye hili naisifu Instagram: ina ukurasa mdogo wa maelezo ya akaunti, unaofunguka kwenye vitone vitatu, ambako unaweza kuona tarehe akaunti ilipofunguliwa, nchi iliko, na kama jina limewahi kubadilishwa. Dakika moja tu, na wengi hawajui kama upo.

Alama ya bluu isikubabaishe upande wowote. TikTok inasema haiuzi alama hiyo. Instagram, tangu 2023, mtu anaweza kuilipia kila mwezi kupitia Meta Verified baada ya kuonyesha kitambulisho. Wauzaji wadogo kama mimi wengi hatuna. Kuikosa hakukufanyi tapeli.

Sasa kuripoti. Mara ya kwanza nilichagua "utapeli", nikajibiwa kesho yake kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Iliniuma sana. Wateja wangu kama ishirini nao wakaripoti vilevile, hakuna kilichobadilika. Kilichofanya kazi ni kuchagua "anajifanya mtu mwingine", kisha kusema kwamba anayeigwa ni mimi, nikajaza fomu na kuambatisha picha ya kitambulisho changu cha NIDA na viungo vya video zangu zenye tarehe za mwanzo. Siku ya tisa akaunti ikaondolewa. Katika siku hizo tisa walilizwa watu wengine wawili ninaowafahamu, mmoja wao mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amekusanya hela ya sare ya kikundi chao. Kwa hiyo ukiigwa, usianze kwa kuomba watu waripoti. Ripoti wewe mwenyewe, kwenye kipengele sahihi, na vielelezo mkononi.

Upungufu mkubwa zaidi hauko kwenye kuripoti. Uko kwenye hela. Sisi tunakubaliana bei kwenye ujumbe, halafu mteja anatoka kwenye programu na kutuma kwa M-Pesa, Airtel Money au Mixx. Programu ya video haioni malipo, kwa hiyo haina cha kuzuia wala cha kurudisha. Ulinzi wa mteja unabaki ni lile jina linalojitokeza kabla hajaweka namba ya siri. Yule mama aliona jina la mwanamume, akamuuliza tapeli, akajibiwa "ni la mume wangu". Akatuma. Simlaumu hata kidogo, majibu kama hayo tumeyazoea. Tena laini siku hizi husajiliwa kwa alama za vidole, lakini matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wasiojua lolote, mtu aliyewekeshwa kidole mara mbili na wakala asiye mwaminifu. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilipiga, nikakuta moja nisiyoitambua, nikaenda kuifuta.

Ukishatuma na ukashtuka, dakika hiyohiyo piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, kabla hujaanza kubishana na tapeli. Hela ikiwa haijatolewa kuna nafasi ya kuizuia. Namba ya tapeli iripoti kwenda 15040. Kisha nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na picha za skrini ulizopiga kabla akaunti haijafutwa ndizo zitakazokusaidia. Mama wa Singida hakuwa nazo, tulitumia zangu.

Upande wangu nimebadilisha mambo machache. Nimewasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi kuingia kwenye akaunti yangu. Nimezima ruhusa ya kupakua video, ingawa mtu bado anaweza kurekodi skrini. Jina la duka siliweki tena pembeni: naliandika kwenye karatasi pamoja na tarehe na kuilaza katikati ya khanga, asiweze kuikata bila kuharibu picha. Na mteja yeyote akitaka nipige video pale pale nikiwa nimeweka kijiko, ufunguo au kitu chochote anachokitaja juu ya doti anayoichagua, naifanya bila kununa. Tapeli ana video zangu, khanga hana. Kipimo hiki kimoja nakiamini kuliko alama na namba zote nilizozitaja.

Kwa mtoto wa dada yangu wa miaka 12 nilikuwa mkali: TikTok ni kuanzia miaka 13, na ujumbe wa faragha ni kuanzia 16. Alikuwa ameongeza umri. Akaunti yake tumeifuta pamoja.

Kwa ujumla zana hizi nazipa nyota tatu kati ya tano: zipo, zinafanya kazi ukizijua, lakini zimefichwa mno na zinachelewa.

Yule mama aliagiza tena mwezi uliopita, doti nne. Kabla ya kulipa alinipigia simu ya video, miwani imeshuka puani. "Ikunjue yote, mwanangu, nisome jina lake." Nikaikunjua. Akasoma neno kwa neno, kwa sauti, mpaka mwisho.