Uzoefu wangu: tulivyohamisha taarifa za wanafunzi kwenye mfumo mpya

Nipo ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi, chuo kimoja huku bara. Jina la mfumo silitaji, ila nitausema.

Nianze na kilichoninyima usingizi. Kwa kanuni zetu, GPA (wastani wa alama za mwanafunzi) huandikwa kwa nafasi moja ya desimali na zinazobaki hukatwa, hazikadiriwi. Mwenye 3.46 ana 3.4, basi. Mfumo ukaja umepangwa kukadiria, 3.46 ikasoma 3.5. Asiyejua ataona ni kanukta tu, kumbe 3.4 ni daraja la pili la chini na 3.5 ni la pili la juu! Nililiona kwa bahati, nikipitisha rula kwenye mkeka wa zamani, yaani orodha ya matokeo iliyochapwa, kulinganisha na ripoti mpya ya wanaotarajia kuhitimu. Jina la kwanza nikadhani nimekosea mstari. La tatu nikamwita mkuu wangu.

Mafundi walirekebisha siku ileile, hilo nawapa. Lakini katika vikao vyote vile hawakuuliza, na sisi hatukusema, maana kwetu ni jambo la kila siku, nani angekumbuka kulitaja?

Balaa la namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, tulijiletea wenyewe. Namba ina tarakimu 20. Ekseli inashika 15 tu, zilizobaki inazigeuza sifuri. Tukapandisha faili, wanafunzi wote namba zao zikaishia 00000. Na kwa kuwa namba huanza na tarehe ya kuzaliwa, waliozaliwa siku moja na kujiandikisha eneo moja wakawa kama mtu mmoja. Ukiwa njiani kuhama, ifanye ile safu iwe ya maandishi kabla hujabandika chochote. Ukishabandika umechelewa, kubadilisha baadaye hakurudishi kitu. Sisi tulirudi kwenye fomu za karatasi.

Sasa uzuri wake. Matokeo ya wanufaika wa Bodi ya Mikopo zamani tulikuwa tunayaunganisha kwa mkono, namba ya mtihani wa kidato cha nne huku, matokeo kule, huku wanafunzi wamejaa dirishani wanauliza bumu, yaani hela yao ya kujikimu. Siku hizi ripoti inatoka kabla chai haijapoa. Idadi kwa programu, jinsia na mwaka wa masomo kwa ajili ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), vivyo hivyo. Na kila alama ikibadilishwa inaonekana nani kabadilisha na saa ngapi. Kuna wahadhiri hawakulipenda hilo.

Kasi siku za kupandisha matokeo, mbovu. Wote mkiingia mchana inaganda, nimezoea kufanya kazi alfajiri.

Nyota tatu kati ya tano. Mfumo wa zamani upo bado kwenye kompyuta ya pembeni, unasomwa tu, hauandikwi. Bosi anataka uzimwe. Nimemwomba avumilie mpaka mahafali yapite.