Dansi ya tapu kwa akina mama wa rika letu: uzoefu wangu Nairobi

Nianze na uamuzi wangu kwa wale wenye haraka: mama, kama umestaafu, watoto wametoka nyumbani na miguu bado inakubeba, jiunge. Mimi niko kwenye kikundi cha tapu cha akina mama hapa Eastlands, tunakutana Jumamosi mchana, na sioni shilingi 300 nyingine ninazotoa kwa wiki ambazo zinanipa furaha kiasi hiki.

Kwa wasioijua, tapu huchezwa kwa viatu vyenye vibati vya aluminiamu, kimoja chini ya ncha na kingine chini ya kisigino. Mchezaji ndiye mpiga ngoma. Kazi kubwa iko kwenye kifundo cha mguu, ambacho lazima kilegee. Hatua ya kwanza tuliyofundishwa inaitwa shafo: unagusa sakafu kwa ncha ya kiatu mguu ukienda mbele, unagusa tena ukirudi. Mwanzoni ule mguso wa pili humezwa. Siku utakapotoka safi utausikia mwenyewe kabla mwalimu hajasema neno, na ukumbi mzima utakupigia vigelegele.

Jambo la kukagua kabla hujalipa popote ni sakafu. Saruji na terazo, ambazo ndizo zimejaa kwenye kumbi zetu, hazinepi hata kidogo, na kila pigo linarudi gotini na kwenye mfupa wa muundi. Sisi tunatandika plaiwudi nene juu ya mikeka ya mpira, tunazitoa stoo wenyewe na kuzirudisha wenyewe. Mahali nilipojaribu kwanza, ambapo sitapataja, tulichezeshwa juu ya vigae vitupu na magoti yakaniuma wiki nzima. Hapa mwalimu hamruhusu mtu kuruka kama hajapasha mwili moto. Viti viko ukutani kwa anayetaka kushikilia, na mwenzetu aliyekuwa muuguzi hutupima presha kabla ya kuanza. Ikiwa imepanda, unakaa, unatupigia makofi ya mdundo. Hakuna ubishi.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Mwanamke wa umri wetu huitwa harusini akae na wazee, huitwa kwenye chama ahesabu pesa, huitwa matangani asimamie jikoni. Ni wapi anaitwa aje apige kelele, tena asikilizwe? Mwishoni mwa kila kipindi tunasimama duara. Mmoja anapiga mdundo wake, wote tunamjibu, kisha zamu inahamia kwa wa pili. Huwezi kujibu bila kusikiliza, kwa hiyo leo nawatambua wenzangu kwa miguu hata nikifumba macho. Aliyekuwa karani wa benki mapigo yake yamenyooka, hayapitani. Yule wa Kakamega, aliyekulia kwenye isukuti, ngoma ya kwao, huliwahisha pigo la mwisho, na sote tunajikuta tumemfuata. Yuko mwingine ambaye masikio yake yamechoka. Yeye husimama pale plaiwudi inapotetemeka zaidi, akaupokea mdundo kwa nyayo. Akitoka nje ya mdundo hatumsimamishi. Tunaurudia vilevile ulivyotoka mpaka unakuwa mdundo wetu sote, na yeye hucheka hadi ashike kiti.

Mmoja wetu alipofiwa na mumewe, tulichanga kwa M-Pesa, tukaenda kukesha, tukapika. Hayo chama chochote kingefanya. Lakini aliporudi ukumbini hakutaka maneno. Alifunga viatu, akaingia duara, na zamu yake ilipofika akapiga kisigino peke yake, taratibu, pigo zito baada ya pigo. Tukamjibu kwa kisigino. Akapiga tena, tukajibu tena, na hakuna aliyemwambia zamu imekwisha. Wakati wa chai alikula nduma, akaongeza nyingine, akamuuliza mwalimu hatua mpya tunaanza lini. Mimi nilimkumbatia hapo hapo na chai yangu mkononi.

Mwalimu ni msichana wa rika la wajukuu zetu. Anatuita mama, nasi tunamwita mwalimu, na heshima iko pande zote mbili. Yeye hatufundishi miguu tu. Kwake ndiko nilikojua kwamba tapu ilizaliwa Marekani, midundo ya Waafrika waliofanywa watumwa ilipokutana na dansi za viatu za watu wa Ireland na Uingereza. Baada ya uasi wa Stono wa mwaka 1739, koloni la South Carolina lilipitisha sheria mwaka 1740 iliyowakataza watumwa kupiga ngoma, na midundo ikaendelea kuishi kwenye viganja na miguu. Aliposimulia hayo, ukumbi ulitulia. Kati yetu wapo waliocheza na njuga miguuni wakiwa wasichana. Jumamosi iliyofuata mmoja alizileta zake kutoka kijijini, akazifunga juu ya viatu vya vibati, na tulicheza tukapitiliza muda. Nilitamani mama yangu mzazi angekuwepo aione siku ile.

Kila tarehe 25 Mei tunahamishia plaiwudi nje na kucheza mbele ya majirani. Ndiyo tarehe aliyozaliwa mchezaji mashuhuri Bill Robinson, mwaka 1878, na mwaka 1989 Marekani iliifanya kisheria kuwa siku ya tapu.

Binti yangu aliwahi kunitumia habari za utafiti wa New York uliotoka mwaka 2003, uliofuatilia watu 469 wenye zaidi ya miaka 75, ambapo waliokuwa wakicheza dansi mara kwa mara walionekana kupata ugonjwa wa kusahau kwa kiwango cha chini. Nashukuru kujua, ila hata bila hiyo ningekwenda.

Kasoro zipo. Ukumbi uko ghorofani na ngazi hazina mahali pa kushika, jambo ambalo kwa kikundi cha wazee halifai kabisa, na wenye jengo wameambiwa zaidi ya mara moja. Kuna Jumamosi tumefika tukakuta umekodishwa kwa harusi bila taarifa. Kipindi cha saa moja nacho ni kifupi mno.

Ukija, usikimbilie kununua viatu vya kuagizwa. Tafuta viatu vya ngozi vyenye soli ngumu na mkanda wa kufunga, kisigino kifupi, hata vya mitumba, umpelekee fundi viatu. Wetu yuko Kariokor na vipimo vya vibati ameshavizoea. Mwambie skrubu zizame vizuri zisikwaruze mbao, na uzikague kila wiki kwa sababu hulegea. Mwezi wa kwanza unaweza kucheza na viatu vyako vya kawaida. Njoo na maji, na kikombe chako cha chai.